Anayetolewa Damu ni Mmoja, Wanaosomwa ni Wengi

Tarehe 30 Januari 2020, majaji watatu wa Mahakama Kuu jijini Nairobi walitoa uamuzi wa kesi ambayo wengi waliijua kama kesi ya Huduma Namba, mfumo wa serikali wa kusajili watu. Miongoni mwa walalamishi lilikuwa Nubian Rights Forum, shirika la Wanubi wa Kibra. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 ilikuwa imeiruhusu serikali kukusanya alama za vidole, umbo la kiganja, umbo la ndewe za masikio, mboni za macho, mawimbi ya sauti na DNA ya kila anayesajiliwa, na juu ya hayo mahali hasa nyumba yake ilipo kwa kipimo cha GPS. Majaji waliuacha mfumo uendelee kwa masharti, lakini DNA na GPS wakaziondoa. Walisema kuzikusanya ni kuingilia mno faragha ya mtu, na ni kinyume cha Katiba.

Uamuzi huo umezungumziwa sana kama habari ya vitambulisho. Mimi nauona pia kama wakati ambapo jamii ndogo ya hapa Nairobi ilisimama mbele ya mahakama kwa ajili ya swali ambalo wanasayansi wa jeni wanaulizwa kote duniani: ukishachukua damu yangu, umechukua habari za nani wengine, na utazifanyia nini?

Wanubi walikuwa na sababu ya kuuliza. Babu zao waliletwa na Waingereza kutoka Sudan wakiwa askari, na jamii imeishi Kibra kwa zaidi ya karne moja. Hata hivyo, kijana wa Kinubi aliyetimiza miaka 18 alipelekwa mbele ya kamati kupigwa msasa, atoe vyeti vya wazazi na hata vya babu na nyanya, kabla ya kupewa kitambulisho ambacho mwenzake wa kabila kubwa alikichukua bila kuulizwa hayo. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi katika suala la uraia. Agizo la kukomesha msasa huo lilitolewa Februari 2025. Jamii iliyozoea kuambiwa ithibitishe kuwa ni ya hapa, ikisikia kwamba serikali sasa inataka na DNA, haihitaji digrii ya bayolojia ili iingiwe na wasiwasi.

DNA inasema nini hasa

Hapa mjini ukitaja DNA, wengi hufikiria kesi za malezi ya watoto: nani ni baba, nani si baba. Hicho ni kipande kidogo tu cha habari. DNA ni maandishi ya kemikali yaliyomo katika karibu kila seli ya mwili, yenye herufi takriban bilioni 3. Jeni ni sehemu ya maandishi hayo yenye maelekezo, mara nyingi ya kutengeneza protini fulani. Watu wawili wowote duniani wanafanana kwa takriban asilimia 99.9 ya herufi hizo. Kilichobaki ni kidogo kwa asilimia, lakini herufi moja kati ya elfu katika bilioni 3 ni mamilioni ya tofauti, na ndizo watafiti wanazozichunguza wanapotafuta kwa nini dawa moja inamfaa huyu na kumdhuru yule, au kwa nini ugonjwa fulani unaandama familia fulani.

Nusu ya DNA yako imetoka kwa mama, nusu kwa baba, na ndugu yako wa tumbo moja ana karibu nusu sawa na yako. Mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, mingi haikuweza kutambulika kwa sura. Jamaa walitoa sampuli, na Machi 2024 familia za kwanza zikakabidhiwa wapendwa wao kwa sababu DNA ya walio hai ilikuwa imewataja waliokufa. Sampuli ya dada ilitosha kumtambua kaka ambaye hangeweza kuulizwa lolote.

Jambo hilo hilo lililozifariji familia za Shakahola ndilo linaloufanya utafiti wa jeni uwe tofauti na tafiti nyingine. Ukijaza dodoso kuhusu chakula unachokula, umejieleza wewe. Ukitoa damu isomwe, umewaeleza pia wazazi wako, watoto ambao hujawazaa bado, na kwa kiasi fulani ukoo wako mzima. Katika jamii ndogo ambayo watu wake wameoana wao kwa wao kwa vizazi vingi, sampuli chache zinaweza kufichua mengi kuhusu maelfu ya watu ambao hawakuketi na mtafiti yeyote. Fomu ya ridhaa, hata hivyo, ina nafasi ya sahihi moja. Matatizo mengi ninayoyaeleza hapa chini yanatokana na pengo hilo.

Kabila halimo ndani ya jeni

Kuna hofu moja inayofaa kuondolewa mapema. Hakuna jeni ya Ukikuyu, ya Uluo wala ya Unubi. Mwaka 1972 mwanasayansi Richard Lewontin alionyesha kwamba karibu asilimia 85 ya tofauti za kijeni za binadamu zinapatikana miongoni mwa watu wa kundi lile lile, na kilichobaki ndicho kinachotofautisha kundi na kundi. Tafiti za baadaye zimekubaliana naye kwa jumla. DNA inaweza kukadiria wahenga wa mtu walitoka pande zipi, lakini kabila ni lugha, malezi, ndoa, maziko na historia, na hayo maabara haiyaoni.

Mfano ulio karibu nasi tunaosoma makala haya ni Waswahili wenyewe. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa. Mmoja wa waliouongoza ni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya aliyeichimba pwani hiyo kwa miongo mingi. Ilionekana kwamba kuanzia takriban mwaka 1000, wanaume kutoka Asia, hasa Uajemi, walizaa na wanawake Waafrika, na kwamba zaidi ya nusu ya nasaba ya wengi wa marehemu hao ilitoka kwa wanawake hao wa Kiafrika. Habari zilipotoka, kila upande ulichukua uliyoyataka. Waliokuwa wakisema siku zote kwamba Waswahili ni wageni walisema wamethibitishiwa, na waliokuwa wakisema ni Waafrika nao walisema vivyo hivyo. Waliosoma kwa makini waliona mengine: makaburi mengi yaliyochimbwa yalikuwa ya watu wenye hadhi, kwa hiyo hayawezi kumsemea mvuvi na mkulima wa zama zile. Pia lugha iliyobaki midomoni mwa watoto wa ndoa hizo ni Kiswahili, lugha ya Kibantu, ambayo hakuna DNA inayoweza kuipa wala kuinyima.

Nashukuru kwamba pale haki za jamii ndogo zilipopimwa na mahakama, kipimo hakikuwa damu. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliwatambua Ogiek wa msitu wa Mau kuwa watu wa asili kwa kuangalia uhusiano wao na msitu, maisha yao na historia yao ya kutengwa. Ingetumia DNA, wakili yeyote angeweza kusimama na kusema kwamba Ogiek wameoana na majirani zao kwa karne nyingi, kwa hiyo hawana madai.

Kutosomwa nako ni hasara

Msomaji anaweza kufikia hapa akasema basi tukatae, damu yetu ibaki mwilini mwetu. Sikubaliani naye, na sababu zangu ni za kitabibu.

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika tafiti kubwa zinazohusisha jeni na magonjwa, takriban asilimia 78 ya washiriki walikuwa wa asili ya Ulaya, na Waafrika walikuwa kama asilimia 2. Matokeo yake tumeyameza, tena kwa vidonge. Efavirenzi ni dawa iliyotumiwa kwa miaka mingi na watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Mwili huivunja kwa msaada wa jeni iitwayo CYP2B6, na Waafrika wengi wana aina ya jeni hiyo inayofanya kazi polepole. Kwa hiyo kipimo cha kawaida kiliwafanya wengine wabaki na dawa nyingi mno mwilini, wakapata kizunguzungu, ndoto za kutisha na mfadhaiko. Wako walioambiwa wanajifanya. Wanasayansi wa Afrika, akiwemo Collen Masimirembwa wa Zimbabwe, ndio waliolifuatilia jambo hilo wakaonyesha kwamba dozi ndogo zaidi ingewafaa watu hao.

Upande wa pili, Mwafrika akisomwa vizuri, dunia nzima hufaidika. Katikati ya miaka ya 2000, watafiti wa Dallas, Marekani, waligundua kwamba takriban mtu mmoja kati ya 50 wa Wamarekani weusi waliowachunguza alikuwa na nakala ya jeni ya PCSK9 isiyofanya kazi. Watu hao walikuwa na lehemu (kolesteroli) kidogo damuni na maradhi ya moyo yaliwapata kwa nadra sana. Kutokana na ugunduzi huo zilitengenezwa dawa za lehemu zilizoidhinishwa mwaka 2015. Mwaka 2020 nao, mradi wa H3Africa, ulioongozwa na wanasayansi wa bara hili, ulisoma jenomu, yaani DNA nzima, za watu 426 kutoka makundi 50 ya Afrika na kukuta zaidi ya mabadiliko milioni 3 ambayo hayajawahi kuandikwa popote. Watu 426 tu! Hebu fikiria ni mangapi bado hayajaandikwa kuhusu Warendille, Waaweer au Wanubi wenyewe.

Majengo

Kuna mtaa mmoja wa Nairobi ambao unaidai elimu ya kinga ya mwili shukrani kubwa. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, wamekuwa wakifuatilia afya ya wanawake waliofanya biashara ya ngono Majengo, Pumwani. Marehemu Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi kwa taaluma, ndiye aliyejenga uaminifu nao. Alikutana nao mtaani, akawasaidia kujipanga katika vikundi, akawafundisha kudai kondomu. Upande wa maabara alikuwako Frank Plummer na wenzake. Kadiri miaka ilivyopita wakaona jambo ambalo halikutarajiwa: wachache miongoni mwa wanawake hao walikutana na virusi vya ukimwi mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka, na hawakuambukizwa.

Jibu lilitafutwa kwenye jeni. Badiliko la jeni ya CCR5 ambalo huwakinga baadhi ya Wazungu halikuwa sababu. Uhusiano ulionekana na baadhi ya jeni za HLA, zile zinazosaidia mwili kutambua seli zilizovamiwa, na ilionekana pia kwamba wanawake hao walikuwa na seli za kinga zilizojua kuua seli zenye virusi. Kisha likaja funzo chungu. Baadhi yao walioacha kazi hiyo kwa muda kisha wakairudia waliambukizwa. Jeni ilikuwa imewasaidia, lakini haikuwa imewapa hakikisho, na mtu aliyejiona salama kwa sababu ya habari za magazeti angeweza kuponzwa nazo.

Kwa msingi wa kazi hiyo, wanasayansi wa Oxford na Nairobi walitengeneza chanjo, na majaribio yakaanza Nairobi mwaka 2001. Kufikia 2004 ilidhihirika kwamba kinga iliyoamshwa na chanjo hiyo haikutosha. Lakini hata kabla ya sindano ya kwanza ya Nairobi kulikuwa na mzozo: mwaka 2000 ilijulikana kwamba upande wa Uingereza ulikuwa umeomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi huo, bila kuwahusisha wenzao wa Nairobi. Nairobi walikuja juu, na makubaliano yakaandikwa upya.

Ninapousoma mzozo ule naona kilichokosekana. Ulikuwa ugomvi wa chuo na chuo, nchi na nchi. Wanawake waliotoa damu, mkojo na muda wao hawakuwa upande wa tatu wa mazungumzo. Sisemi hawakupata kitu. Walipata kliniki, matibabu ya magonjwa ya zinaa, na baadaye dawa za ARV kwa walioambukizwa, na kwa mwanamke wa Majengo wa wakati ule hayo yalikuwa makubwa. Ila jina la mtaa wao lilizunguka dunia likifuatana na neno malaya. Msichana aliyezaliwa pale, asiyehusika kwa lolote, alibeba jina hilo hadi kwenye usaili wa kazi. Hakuna fomu iliyowahi kumuuliza yeye.

Madhara yasiyo na mwenyewe

Kabila la Havasupai, wenyeji wa bonde la Grand Canyon huko Marekani, walitoa damu kuanzia mwaka 1990 kwa watafiti wa Arizona State University, wakiamini inatafutiwa sababu za kisukari kilichokuwa kikiwaua. Mwaka 2003 mmoja wao alihudhuria kikao cha kutetea tasnifu chuoni humo na akasikia damu ya watu wake ikijadiliwa kwa mambo mengine kabisa. Sampuli zilikuwa zimetumika kuchunguza ugonjwa wa akili wa skizofrenia, kuoana kwa ndugu, na nadharia kwamba wahenga wao walihamia Amerika kutoka Asia, kinyume na imani yao kwamba asili yao ni pale pale bondeni. Kesi iliisha 2010: chuo kilitoa dola 700,000 na kurudisha damu. Kila aliyetoa damu alikuwa ametia sahihi. Aliyeumizwa alikuwa ni kabila, hata wale ambao hawakuwahi kuchomwa sindano.

Kwetu, Septemba 2025 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu Waturkana, uliofanywa na wanasayansi wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, pamoja na wa vyuo vya Marekani. Waligundua kwamba jeni ya STC1, inayofanya kazi kwenye figo, inaonekana imewasaidia wafugaji hao kwa vizazi vingi kuhimili kiu na chakula cha nyama, maziwa na damu. Watafiti hao hao walikuwa wameonyesha mapema kwamba Waturkana wanaohamia mijini hupata kwa wingi zaidi dalili za maradhi ya moyo na kisukari. Kwa Mturkana anayeishi Nairobi, akila chapati na soda na kukaa kazini siku nzima, hiyo ni habari ya kumpeleka kupima presha. Kwa hiyo nauheshimu utafiti huo. Lakini najua pia siasa zetu. Maneno "Waturkana wamezaliwa kuhimili kiu" yakianguka mikononi mwa mgawaji wa bajeti asiye na huruma, yanageuka sababu ya kuahirisha kisima. Mtafiti anayechapisha matokeo kama hayo ana wajibu wa kuandika wazi yale ambayo matokeo hayaruhusu yasemwe.

Na kuna suala la nani hula matunda. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya damu nchini mwaka 1949 na kuona kwamba chembe ya urithi ya selimundu (sickle cell) ni ya kawaida pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni adimu nyanda za juu. Mwaka 1954 alionyesha sababu: anayeirithi kutoka kwa mzazi mmoja hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba ya kuhariri jeni inayoweza kumwondolea mgonjwa maumivu ya ugonjwa huo. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, zaidi ya Sh280 milioni. Mama wa Siaya au Kilifi, ambaye wahenga wake ndio walioufundisha ulimwengu ugonjwa huu, bado anahangaikia dawa ya haidroksiurea na damu ya kuongezewa mtoto.

Sheria inamjua mtu mmoja mmoja

Tazama jinsi jambo lenyewe linavyofanyika. Mtafiti anamfunga mtu mkono, anavuta damu kwenye mrija wenye kifuniko cha zambarau, kijiko kimoja au viwili tu. DNA inatolewa, inagawanywa katika vichupa vidogo, inawekwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, ambamo inaweza kuishi kuliko aliyeitoa. Kwenye fomu, karibu na mwisho, mara nyingi kuna sentensi inayosema sampuli inaweza kuhifadhiwa na kutumika katika tafiti za baadaye. Mtu aliyeamka alfajiri na kupanga foleni ili apimwe presha bure haisomi sentensi hiyo, na wachache sana humsomea kwa lugha ya nyumbani kwao.

Kenya haiko uchi. Utafiti wa namna hii lazima upite kwenye jopo la maadili, kama lile la KEMRI, na upate kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaiweka data ya jeni, pamoja na ya asili ya kijamii ya mtu, katika kundi la data nyeti. Lakini soma sheria hiyo uone inamlinda nani: mtu mmoja, mwenye jina. Wanubi au Ogiek kwa pamoja hawana pa kusimama ndani yake. Na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, ambayo Kenya ni mwanachama wake na inayotaka jamii zigawiwe faida ya mimea na viumbe vya kwao, haigusi jeni za binadamu. Kampuni ikichukua mti wa dawa kutoka Mau kuna mkataba wa kimataifa wa kuikumbusha. Ikifaidika na damu ya Ogiek hakuna.

Wasan wa Afrika Kusini hawakusubiri serikali. Mwaka 2010 jenomu za wazee kadhaa wa Kisan kutoka Namibia zilichapishwa, na viongozi wa Wasan wakalalamika kwamba jamii haikuulizwa na kwamba baadhi ya maelezo yaliyochapishwa yaliwadhalilisha. Mwaka 2017 wakatoa kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti, wakidai heshima, ukweli, haki na kujaliwa, na kumtaka mtafiti apitie kwenye baraza lao kwanza na arudi na matokeo. Anayezivunja anaweza kufungiwa mlango.

Najua pingamizi la haki: wazee wa baraza wanaweza kumnyima mwanamke au kijana nafasi ya kushiriki utafiti anaoutaka, au wakahongwa. Ndiyo maana kauli ya jamii haifai kuchukua nafasi ya sahihi ya mtu. Iongezwe juu yake. Mtu abaki na uhuru wa kukataa hata kama wazee wamekubali. Jopo la maadili halihitaji sheria mpya ya Bunge ili kumwambia mwombaji wa kibali: tuonyeshe ulikutana na nani Kibra kabla ya kuleta sindano, kwa lugha gani, walipinga nini ukabadilisha nini, damu itaharibiwa lini, na ni mwezi gani utarudi kwenye ukumbi ule ule kuwasomea ulichokipata.